Barua kwa Salim: sumaku inaona nini katika bomba la mafuta

Mombasa

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba sisi huku ni wazima, na natumaini nyote huko Tanga mu wazima pia. Barua yako nimeipata. Umeniuliza kama yule mfanyabiashara aliyewajia na kifaa cha kupima uga wa sumaku kwa kutembea juu ya ardhi, bila kuchimba na bila kusimamisha pampu, anasema kweli anapodai kwamba kifaa hicho huonyesha kutu na mkazo wa bomba (yaani nguvu inayouvuta chuma chake) kwa pamoja. Jibu langu ni kwamba sumaku ni shahidi mzuri wa chuma kilicholika na shahidi wa mashaka wa mkazo, kwa hiyo anayekuuzia mambo hayo mawili kwa uhakika uleule yafaa ahojiwe kabla hamjatia saini.

Nianze na lile lenye uhakika. Pigi ya sumaku, yaani chombo cha ukaguzi kinachosukumwa ndani ya bomba na mafuta yenyewe, hubeba sumaku za kudumu zenye nguvu kubwa ambazo huushibisha ukuta wa bomba kwa usumaku. Ukuta ukiwa mzima, mistari ya uga hupita ndani ya chuma. Pale ambapo kutu imekula, chuma kilichobaki hakitoshi kuibeba yote, nayo sehemu yake huvuja na kunaswa na vihisio vilivyopangwa kuzunguka pigi katikati ya ncha mbili za sumaku. Kazi hii imekuwa ya kibiashara tangu miaka ya 1960, na pigi nzuri za leo kwa kawaida hutambua kutu iliyokula kuanzia kama asilimia 10 ya unene wa ukuta. Udhaifu wake ni ufa mwembamba unaofuata urefu wa bomba, kwa kuwa ufa huo umelala upande uleule wa mistari ya uga na karibu hauikatizi. Ndiyo maana zikabuniwa pigi nyingine ambazo uga wake huzunguka mduara wa bomba.

Nyufa zinazozaliwa na mkazo na kutu vikishirikiana mara nyingi hulala hivyo hasa, kwa sababu shinikizo la mafuta hulivuta bomba zaidi katika mduara wake kuliko katika urefu wake. Chukua mfano wa bomba la inchi 14 lenye ukuta wa milimita 7 na shinikizo la bar 70: mkazo wa mduara ni kama megapaskali 178. Kutu ikila nusu ya ukuta kwa eneo refu, mkazo hapo hukaribia megapaskali 356, na chuma cha daraja la X52 huanza kunyumbuka bila kurudi katika megapaskali 359 hivi. Kwa hiyo si upuuzi kutamani kifaa kinachopima mkazo wenyewe. Tamaa hiyo ninayo mimi pia.

Msingi wa kisayansi wa kupima mkazo kwa sumaku upo. Mwaka 1865 Mwitaliano Emilio Villari alionyesha kwamba chuma kikivutwa, usumaku wake hubadilika, na tangu miaka ya 1990 Warusi, Anatoly Dubov akiwa mstari wa mbele, wameieneza mbinu ya kusoma usumaku unaobaki katika chuma bila kukitia sumaku yoyote, hata ikapata kiwango cha kimataifa, ISO 24497, mwaka 2007. Shida ni kwamba uhusiano wenyewe haunyooki. Katika uga hafifu, usumaku wa chuma huweza kupanda mkazo unapoongezeka, kisha ukafika mahali ukaanza kushuka, hivyo kipimo kimoja kinaweza kusimamia mikazo miwili tofauti. Zaidi ya hapo, chuma hukumbuka mengi yasiyo mkazo wa leo: namna kilivyokunjwa kiwandani, kilivyochomelewa, na hasa kama pigi ya sumaku iliwahi kupita ndani yake, maana pigi huacha usumaku ambao unaweza kudumu miaka.

Sasa ongeza umbali. Uga wa dunia kwetu karibu na Ikweta ni kama mikrotesla 30 na kitu, na kinachotafutwa ni mabadiliko madogo sana juu ya huo, yanayofifia kadiri bomba lilivyofukiwa chini. Nyaya za umeme, reli, uzio wa mabati na lori linalopita vyote vina sauti katika kipimo hicho. (Muulize pia anafanya nini bomba mbili zikilala mtaro mmoja; nina hamu ya kusikia jibu lake.)

Hata hivyo sisemi mfukuzeni. Yapo mabomba ambayo pigi haipiti, kwa sababu ya vali nyembamba au kona kali, na kuyaacha bila ukaguzi ni hatari ya kweli. Tarehe 19 Agosti 2000, karibu na Carlsbad, New Mexico, bomba la gesi la inchi 30 lililolika kwa ndani lilipasuka na kuwaua watu 12 wa ukoo mmoja waliokuwa wamepiga kambi kando ya mto. Kipande kile kilijengwa kwa namna isiyoruhusu pigi kupita. Katika bomba la aina hiyo, kifaa cha juu ya ardhi kinachosema tu “chimbeni hapa kwanza” kina thamani yake.

Kwa hiyo mpeni kipande kifupi akipime kabla hamjamwambia lolote kuhusu historia yake. Kisha chimbeni pale anaposema pameharibika, na pia pale anaposema ni pazima, mpime ukuta kwa mawimbi ya ultrasauti. Kwa upande wa mkazo, mnaweza kutumia kelele ya Barkhausen, yaani mishtuko midogo ya usumaku ambayo chuma hutoa uga unapobadilishwa, ingawa hiyo husoma ngozi ya juu tu ya chuma. Mashimo ya sehemu “nzima” wauzaji huyapinga kwa kisingizio cha gharama. Msikubali kuyafuta.

Niandikie bomba lenu limefukiwa kina gani, na kama pigi ya sumaku iliwahi kupita, nami nitakusaidia kuchagua kipande cha jaribio. Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Abdalla