Risala ya Wawezeshaji wa Malezi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Familia Duniani, 15 Mei

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mtendaji wa Kata, walimu, wazazi na walezi,

Tunakushukuru kwa kufika. Hatutahesabu hapa vikao tulivyofanya. Tutaeleza kazi inavyokwenda, inapokwama, na tunachoomba.

Programu tunayofuata ni ya wazazi wenye watoto wa miaka 2 hadi 9. Chimbuko lake ni Cape Town, Afrika Kusini, ilikojaribiwa na familia za kipato cha chini kwa jina la Kixhosa Sinovuyo, yaani "tuna furaha". Ina vikao 12, kimoja kila wiki. Kikundi kikizidi watu 15, wenye haya hawafungui mdomo.

Mafunzo huchorwa kama nyumba: kuta kwanza, yaani uhusiano wa mzazi na mtoto, paa baadaye. Wiki ya kwanza mzazi anaondoka na kazi moja tu: dakika tano kila siku na mtoto, simu pembeni, na mtoto ndiye achague mchezo. Wengi hukosea hapa. Mzazi anageuza mchezo kuwa mtihani, "hii rangi gani, haya hesabu", na mtoto anaondoka zake. Wiki zinazofuata ni za kutaja hisia, "naona umekasirika, kaka kachukua mpira wako", kwani mtoto asiye na neno la hasira hutumia meno. Halafu kusifu: tendo litajwe papo hapo, "umeosha kikombe bila kuambiwa". "Mtoto mzuri" peke yake haimwambii arudie nini.

Paa ni kanuni za nyumbani, maelekezo mafupi na nidhamu isiyo ya fimbo. Semina ya siku mbili huharibu hapa hapa: mzazi anaambiwa aache kiboko kabla hajapewa kingine cha kushika. Jioni mtoto anagoma, kiboko kinarudi, na mafunzo yanaitwa ya kizungu.

Mfano wa nidhamu isiyo ya fimbo ni kupuuza kilio cha kutaka pipi. Siku za mwanzo kelele huzidi kabla ya kupungua. Asiyeonywa mapema hutoa pipi kelele zikifika kileleni, na mtoto anajifunza kwamba kulia kidogo hakutoshi. Moto, kisu na kupiga mwenzake havipuuzwi kamwe.

Ndugu Mgeni Rasmi, mama mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hawezi hizo dakika tano, hata tumhimize vipi. Huko Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini, si madaktari, walifundishwa kuwasaidia akina mama wa aina hiyo kwa mazungumzo ya nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto akiwa na miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, dhidi ya 53 kwa wasiopata huduma hiyo.

Kuhusu mahudhurio, adui ni gulio na msimu wa palizi. Aliyekosa kikao huendewa nyumbani kabla ya kikao kinachofuata. Akikosa viwili mfululizo, kumrudisha ni kazi. Akina baba wanataka jioni au Jumapili, lakini ratiba zetu bado ni za saa za ofisi. Hilo ni kosa letu, tunalirekebisha.

Maombi yetu ni matatu.

La kwanza, na ndilo zito: Halmashauri itenge fedha za usimamizi saidizi, yaani mtu wa kututazama na kutuelekeza tukiwa kazini. Mwezeshaji asiyetazamwa akiwa kazini huacha igizo na mazoezi, akaanza kuhutubia. Fulana na mabango vinaweza kusubiri.

La pili, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kutambua sonona, na zahanati iwe na siku maalumu ya kuwapokea tunaowapa rufaa.

La tatu, mikeka na mtu wa kuangalia watoto wakati wa kikao. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine anayekimbilia barabarani hasikii tunachosema.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.