Swali langu liliishia kwenye "mengineyo"

Mhariri,

Kila Ijumaa jioni stesheni ya SGR hapa Dodoma hujaa watumishi wenye vibegi mgongoni, wanawahi Dar es Salaam kuona familia. Mimi ni mmoja wao. Mke wangu ana kazi yake kule na watoto wako shule. Silalamikii kuhamia. Makao makuu yaliamuliwa tangu 1973, sisi tumechelewa tu kufika. Shida yangu ni tunavyoishi ofisini baada ya kufika.

Nafanya kazi masjala. Mkuu wetu wa kitengo wa kwanza alipita asubuhi meza kwa meza, akauliza habari za nyumbani, na alisubiri jibu. Mwanangu alipolazwa aliniambia, "Nenda baba, haya mafaili nitayashika mimi." Kazi enzi hizo ilikuwa nyingi kuliko sasa, lakini tuliimaliza tukitaniana. Alipohamishwa akaja mwingine. Si mtu mbaya, ila tunamfahamu zaidi kwa jumbe za WhatsApp za saa nne usiku. Haukupita mwaka, wenzangu wawili wakawa watu wa ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika, kila mara. Waliobaki wanasaini daftari la mahudhurio, wanakaa, wanangoja saa tisa na nusu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa namna hii kuwa unatokana na msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa, halikuuita ugonjwa. Huku kwetu aliyechoka hivyo huitwa mvivu, au hutaniwa apelekwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Utani huo nami nimewahi kuutoa, na najuta.

Pa kuyasemea haya tunapo. Mabaraza ya wafanyakazi yalianzishwa kwa Agizo la Rais Na. 1 la mwaka 1970 ili mtumishi ashirikishwe katika uendeshaji wa mahali pake pa kazi. Letu husomewa bajeti, tukapiga makofi, tukala, tukasaini posho. Mara ya mwisho niliuliza kuhusu jumbe za usiku na ruhusa za dharura kwa wenye familia mbali. Swali likawekwa kwenye "mengineyo", na tulipofika huko wali ulikuwa umeshapakuliwa.

Nitaliuliza tena kikao kijacho. Namwomba mwenyekiti aliweke juu ya bajeti.

Mtunza kumbukumbu,
Dodoma