Hayo Mate Kwenye Rozimeri Yako

Kila mwaka ukifika mwezi wa Mei, wateja wetu wa miche hapa Uingereza hunitumia picha za aina moja: kitawi cha rozimeri au lavenda, na pale jani linapoungana na shina pana povu jeupe, kama mtu ametema mate. Mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alinipigia simu akiwa tayari ameshika mkasi. "Mwanangu, mmea wako umeota ukungu, naukata wote." Nikamwambia, "Mama, tafadhali nisubiri, nakuja."

Huo si ukungu, wala si ugonjwa. Nilipofika kwake tulilifungua povu moja kwa ncha ya unyasi. Ndani alikuwamo mtoto wa mdudu, kijani kilichofifia, mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye macho mawili meusi. Akateremka taratibu kwenye shina, akachagua mahali, akatulia. Chai yetu ilikuwa haijapoa tulipoona viputo vipya vimeanza kumfunika.

Mdudu huyu hufyonza maji yanayopanda kutoka mizizini. Maji hayo yana lishe kidogo mno, kwa hiyo hana budi kunywa mengi sana na kuyatoa mengi vilevile. Yakitoka huyachanganya na hewa mpaka yawe povu, na povu hilo ndilo linalomkinga asikaushwe na jua wala asionekane na wanaomwinda. Waingereza huliita mate ya kekeo, kwa sababu hutokea msimu ambao ndege huyo huanza kulia.

Msimfananishe na vidukari, wale ambao wengine tunawaita wadudu mafuta. Vidukari hufyonza utomvu wenye sukari, ndiyo maana huacha majani yakinata, sisimizi wakafuata, na wakizidi machipukizi hujikunja. Wakikuvamia hao, nipigie siku hiyohiyo. Huyu wa povu hanatishi jani, na rozimeri yenye afya huendelea kukua kama kawaida. Ifikapo Juni au Julai anakuwa mdudu mzima wa kahawia, wa urefu wa milimita 6 hivi, na povu linakwisha lenyewe. Mwaka 2003 Malcolm Burrows wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba mdudu huyu mdogo anaweza kuruka juu hadi sentimita 70. Mimi huwaonyesha watoto wa wateja, nao hawataki tena kuondoka bustanini.

Kwa hiyo, nawasihi msipulize dawa. Rozimeri hiyo utaipaka kwenye nyama kesho, na lavenda ikichanua nyuki wanaijaa. Povu likikukera, lirushie maji ya mpira, au chuma kitawi ukisuuze bombani kabla ya kupika. Basi.

Kuna jambo moja tu ninalolihofia. Mwaka 2013 bakteria aitwaye Xylella fastidiosa aligunduliwa katika mizeituni ya Puglia, kusini mwa Italia, na tangu hapo miti mingi mno imekauka. Mdudu wetu huyu ndiye anayemsambaza kule, akinyonya mti mgonjwa kisha mzima. Mdudu mwenyewe hana kosa pasipo na bakteria huyo, lakini ndiyo sababu Serikali hapa ina masharti makali kwa rozimeri na lavenda zinazotoka nje. Ukirudi likizo Italia au Uhispania, tafadhali usibebe hata kitawi cha kupanda kwenye begi. Miche yetu yote tunaikuza wenyewe hapahapa kutokana na vipandikizi vyetu.

Nikikuletea chungu cha rozimeri mwezi wa Juni chenye tone la povu, ujue nimeliona na nimeliacha. Usipolitaka, niambie unapoagiza, nami nitausuuza mmea kabla sijaupakia garini.