Barua ya wazi kwa Msajili wa Makampuni: faini nimeshalipa, sasa tuongee

Ndugu Msajili,

Nakuandikia nikiwa mkosaji. Kampuni yetu ndogo, yenye wakurugenzi wawili tu, haikuwasilisha taarifa ya mwaka kwa miaka miwili mfululizo. Faini nimelipa yote na risiti ninazo, kwa hiyo siombi kurudishiwa kitu.

Habari hii niliipata benki. Nilikwenda kuongeza jina la mwenzangu kwenye watia saini wa akaunti, nikijua ni kazi ya dakika kumi. Dada wa dirishani akaingiza namba yetu ya usajili, akanyamaza, kisha akanigeuzia skrini. Mbele ya jina la kampuni palikuwa na maandishi mekundu: taarifa hazijawasilishwa. "Mkajisafishe kwanza kwa Msajili," akaniambia taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba.

Nilibisha. Kodi tunalipa kila mwaka, na faili la risiti lilikuwa kwapani. Akanieleza, foleni ikinisikiliza nyuma, kwamba kodi ni habari ya mamlaka ya mapato, na taarifa ya mwaka ni habari ya daftari lako: wakurugenzi ni nani, hisa anazo nani, ofisi iko wapi. Hata kama hakuna kilichobadilika. Hata kama kampuni haikuuza chochote mwaka mzima. Mambo haya mawili yanachanganywa na wengi kuliko unavyodhani, na mhasibu aliyeajiriwa kufunga hesabu mara nyingi haligusi hili la pili mpaka aagizwe.

Ofisi yako inasema ilituma ilani mara tatu. Naamini. Zote zilikwenda kwenye barua pepe ya kijana aliyetusajilia kampuni, ambaye alishahama kazi zamani. Kosa ni letu, tulipaswa kubadilisha anuani. Lakini sikiliza kilichofuata. Nilipotaka kuingia kwenye mfumo ili niwasilishe na kulipa, namba ya uthibitisho ikatumwa kwenye laini ya yule kijana. Laini hiyo sasa ni ya mama mmoja asiyenijua. Nilimpigia, nikajieleza kwa heshima zote, nikamwomba anisomee tarakimu sita. "Nyie matapeli mmezidi," akasema, akakata. Na alikuwa sahihi. Mimi pia ningekata.

Ikabidi tuombe kubadilishiwa namba: fomu, saini za wakurugenzi wote wawili, nakala za vitambulisho. Siku kumi na moja zikapita. Siku zote hizo faini iliendelea kupanda. Hapo ndipo penye donge langu, Ndugu Msajili. Mwenye deni amesimama mlangoni na pesa mkononi, ufunguo unao wewe, na bado unamhesabia siku.

Ukali wenyewe siupingi. Katika jimbo la Florida, Marekani, kampuni ya biashara ikipitisha tarehe 1 Mei bila kuwasilisha inalipa dola 400 za kuchelewa, na ikiendelea kukaa kimya hadi Septemba inavunjwa. Uingereza, kampuni binafsi iliyochelewesha hesabu zake hutozwa paundi 150 ikiwa haijapita mwezi mmoja, na 1,500 ikipita miezi sita. Ukirudia mwaka unaofuata, mara mbili. Ni kali, ila mtu anajua mapema atakatwa kiasi gani. Huko Uingereza kampuni pia inaweza kuandikisha watu kadhaa wapokee vikumbusho kwa barua pepe, mmoja akihama wengine wapo. Hilo la vikumbusho ndilo ninalolitamani kuliko yote.

Ninachoomba ni kidogo. Siku mtu anapoleta fomu ya kurejeshewa akaunti yake, faini isimame hapo hapo, iendelee tu akipewa ufunguo halafu akazembea. Na kikumbusho kimfikie kila mkurugenzi kwa namba yake mwenyewe, si yule aliyejaza fomu siku ya kwanza peke yake.

Kuna jambo jingine, dogo lakini linauma. Katikati ya mkasa huu nililetewa barua yenye nembo inayofanana sana na yako, ikinitaka nilipe "ada ya taarifa ya mwaka" kwenye akaunti ya watu nisiowajua. Ilifika ofisini kwetu, anuani sahihi, hadi namba ya chumba. Matapeli walitupata, ofisi yako ikatukosa.

Najua wapo waliogundua wamechelewa, wakaogopa, wakajificha. Wanangoja nini sijui. Kampuni ikishafutwa kwenye daftari haiwezi hata kumdai mteja wake mahakamani, na kwa sheria za nchi nyingi mali iliyobaki huangukia serikali. Mimi nilianza na mwaka wa nyuma zaidi, maana mfumo haupokei mwaka wa pili kabla ya ule wa kwanza, ndipo nikaandika barua ya kuomba kupunguziwa. Ombi lilikataliwa kwa mstari mmoja. Sawa. Safari hii angalau jibu lilinifikia.

Wako,
Mkurugenzi ambaye anuani yake sasa ni sahihi