Malalamiko Kuhusu Aikoni za Programu ya Wakulima wa Korosho

Mratibu wa Programu,
Mtwara.

Meneja,
Kampuni ya Usanifu wa Picha za Kidijitali,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: AIKONI ZENYE MNG'AO ULIOFICHA UMBO LA KOROSHO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kikundi chetu cha vijana kimetengeneza programu ya simu ya kuwapatia wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba taarifa za minada ya korosho. Tuliwakabidhi kazi ya kusanifu aikoni (picha ndogo ya kubofya kwenye simu) kuu moja na nyingine tano za ndani, na malipo yote tumekwisha kuwalipa, lakini kazi tuliyoipokea haitumiki.

Tuliomba bibo, yaani tunda la mkorosho, linalomulikwa na jua la asubuhi, korosho yake ikining'inia chini. Tulieleza kwa maandishi kwamba mwanga ndio ujenge mviringo wa bibo: upande unaolielekea jua uwe wa njano angavu, rangi ikolee polepole hadi nyekundu nzito, na kivuli kiangukie upande wa pili ili korosho ya kijivu ijitokeze waziwazi. Badala yake mmeizungushia picha yote mng'ao wa rangi ya chungwa, mkaweka doa jeupe la mwanga juu kushoto huku kivuli nacho kikiangukia kushoto hukohuko, jambo lisilowezekana palipo na jua moja tu. Korosho imezama ndani ya mng'ao huo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mmeichora juu ya bibo, karibu na kikonyo, ilhali kila mtoto wa huku kusini anajua kwamba korosho hukaa chini, kwenye ncha. Mkulima akiliona tunda lake limepinduliwa namna hiyo, atakuwa na haki ya kuuliza kama wenye programu wamewahi kukanyaga shamba la mikorosho.

Picha hiyo inapendeza kwenye kompyuta kwa sababu ni kubwa. Nilipoipunguza hadi pikseli 48 kwa 48, kilichobaki kilikuwa doa la chungwa lisilo na jina. Nilitoka nayo nje saa saba mchana, kwa kuwa wakulima wetu hufungulia simu shambani na nje ya maghala, si kwenye vyumba vyenye mapazia, na juani hata doa hilo halikuonekana vizuri. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.1, unataka alama inayobeba maana itofautiane na rangi iliyo kando yake kwa uwiano wa mwangaza usiopungua 3:1. Nyekundu yenu na chungwa yenu hazifiki hapo.

Faili zenyewe nazo zina kasoro. Google Play, duka la programu za Android, hupokea aikoni ya faili la PNG yenye pikseli 512 kwa 512, kisha huikata pembe na kuitia kivuli yenyewe. Ninyi mmeleta JPEG, aina ya faili isiyoweza kuwa na sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma yake, mkiwa mmekwisha kuikata pembe, hivyo weupe umebaki kwenye kona zote nne. Vilevile, tangu Android 8.0 aikoni hugawanywa katika tabaka la mbele na la nyuma, kila moja likiwa na dp 108 kwa 108 (dp ni kipimo cha skrini cha Android), na kitu muhimu hubaki katikati, ndani ya duara lenye kipenyo cha dp 66. Ninyi mmetupa tabaka moja, na kwenye simu zinazokata aikoni kwa duara kikonyo na nusu ya korosho hupotea.

Ninaomba aikoni zote sita zichorwe upya katika muda wa siku 14, mtukabidhi na faili za asili za vekta (michoro inayokuzwa au kupunguzwa bila kufifia) zenye tabaka zake, na kabla ya hapo mtuonyeshe mchoro mmoja usio na rangi, ili tuhakikishe umbo linajieleza lenyewe kabla ya kutiwa mwanga. Msimu wa minada kwa kawaida hufunguliwa mwezi Oktoba, nasi hatuwezi kuingia sokoni na picha hii. Mkishindwa, tunaomba mturejeshee nusu ya malipo ili tumpe kazi msanifu mwingine.

Wako katika kazi,

Mratibu wa Programu