Barua kwa mwanangu: vita inaamuliwa na nani

Mwanangu, salamu huko hosteli. Juzi kwa simu ulisema serikali zote ni zilezile na kusoma katiba ni kupoteza wakati, nikanyamaza juu mamako alikuwa ameweka spika, sasa wacha nikujibu.

Kuna mzee wa Marekani anaitwa James Madison, rais wao wa nne. Mwaka 1788 aliandika ati kama binadamu wangekuwa malaika, serikali haingehitajika. Wengi wanaishia hapo, lakini yeye aliendelea, akasema hata wanaotawala si malaika, kwa hivyo nao lazima wawe na wa kuwachunga. Hiyo ndiyo kazi ya katiba, si mapambo.

Mimi kwake napenda hasa mambo ya vita. 1795 akasema kati ya maadui wote wa uhuru, pengine vita ndiyo ya kuogopwa zaidi, juu vita inaleta majeshi, majeshi yanaleta deni na kodi, na kwa hizo wachache wanaweka wengi chini yao. 1798 akamwandikia rafiki yake Jefferson kwamba mkuu wa serikali ndiye mwenye hamu ya vita kuliko wote, ndio maana uamuzi ukapewa bunge. Halafu cheki, 1812 akiwa rais mwenyewe akaenda vitani na Uingereza, na Agosti 1814 Waingereza wakaingia Washington wakachoma hadi ikulu! Lakini angalau alipeleka maneno kwa bunge kwanza, wakapiga kura. Na usimfanye mtakatifu, alikuwa na watumwa kwa shamba lake Montpelier na hata kwa wosia hakuwaachilia. Uhuru ulikuwa wa wenzake.

Sasa kuja kwetu Kenya. Kifungu cha 132 cha katiba ya 2010 kinasema rais anatangaza vita Bunge likiidhinisha. Oktoba 2011 jeshi letu likavuka mpaka kuingia Somalia, ile operesheni ya Linda Nchi, na hapa mtaani story ilikuwa tutawamaliza al-Shabaab lini, hakuna aliyeuliza hii kitu itagharimu ngapi na itaisha lini. Sisemi ilikuwa vibaya kwenda, watu wetu walikuwa wanatekwa, nasema maswali hayakuulizwa. Nyinyi Juni 2024 mlishuka tao juu ya Mswada wa Fedha mkauliza kodi na deni, vizuri sana, ingawa mimi sikulala. Na kumbuka ni Bunge hilohilo la kutuchunga lililoupitisha tarehe 25, rais ndiye alikataa kusaini kesho yake baada ya kelele zenu na damu. Kwa hivyo kuwa na bunge pekee haitoshi, anayelichunga ni wewe, na utalichungaje kama hujui kazi yake?

Soma kifungu cha 94 hadi 96 kabla Jumapili, ukikuja tubishane vizuri. Na uniletee ile chaja yangu.

Babako