Barua ya wazi kwa vijana mnaoshika mafaili ya wafanyakazi

Vijana wangu wa idara za rasilimali watu,

Salaam. Kila mwaka mnaandaa bajeti ya ustawi wa wafanyakazi, na kilichomo ndani nakijua: bonanza la Desemba, fulana zenye nembo, keki za siku za kuzaliwa, na mtaalamu wa saikolojia wa kuzungumza ukumbini saa nane mchana, watu wameshiba na wanasinzia. Sina ugomvi na keki. Ila ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Kabatini mwenu mna daftari la zamu, daftari la likizo na orodha ya mishahara. Kabla hamjanunua fulana hata moja, fungueni hivyo vitatu.

Nianze na saa za kazi, maana hapo ndipo watu wanapoumia zaidi na ndipo hesabu zinapokosewa kila mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nazungumzia Tanzania Bara kwa kuwa Zanzibar wana yao, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, siku zisizozidi 6, na saa zisizozidi 9 kwa siku yoyote. Muda wa ziada unahitaji makubaliano, na usizidi saa 50 ndani ya wiki 4. Kawaida na ziada zikijumlishwa, siku isivuke saa 12. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apumzike angalau dakika 60.

Sasa mchukueni mlinzi wa zamu ya saa 12, siku 6 kwa wiki, kama mageti mengi yalivyozoea. Mtoleeni saa moja ya kula kila siku: zinabaki 66. Ziada ni 21 kwa wiki, yaani 84 kwa wiki 4. Ukomo umevukwa kwa saa 34, na bado hatujauliza kama analipwa. Hata ile saa ya kula ina shaka. Mlinzi anayekula wali huku jicho liko getini hajapumzika, na muda huo anatakiwa kulipwa.

Kosa lilifanyika siku ya kuajiri. Lindo moja la usiku na mchana, siku 7, lina saa 168. Gawanyeni kwa 45: mnapata watu 3.7. Maana yake lindo moja linahitaji watu wanne, na nafasi kidogo anayoibakiza yule wa nne ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya likizo zao. Ukiweka wawili, saa zinazopungua zinakatwa kwenye usingizi wao. Hesabu hii hii ifanyeni kwa mapokezi ya hospitali, kwa pampu za mafuta na kwa dawati la huduma kwa wateja.

Halafu kuna bei ya saa. Wengi huchukua mshahara wa mwezi wakaugawa kwa siku 30, kisha kwa saa 9. Hapo mmehesabu hata siku za mapumziko kana kwamba alikuwa kazini. Sheria inagawa kwa 4.333 mara saa za wiki, ambazo kwa wiki ya saa 45 ni 195. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000, saa yake moja ni shilingi 2,000. Saa ya ziada ni mara moja na nusu: 3,000. Siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ni mara mbili: 4,000. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi anaongezewa asilimia 5, yaani 100 kwa kila saa, na kama saa yenyewe ya usiku ni ya ziada, asilimia hiyo inapigwa juu ya ile 3,000. Kwa njia ile ya kugawa kwa 270, yaani siku 30 mara saa 9, aliyefanya saa 40 za ziada anapunjwa zaidi ya shilingi 33,000 kwa mwezi. Kwa familia nyingi hiyo ni gesi na unga.

Mkiambiwa uchovu ni uvivu, mna jibu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17. Mlinzi wetu wa saa 66 yumo humo.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwemo ndani. Mwajiri ndiye anayepanga tarehe, lakini isivuke miezi 6 baada ya mwaka wake wa likizo kuisha. Inafika miezi 12 tu iwapo mfanyakazi amekubali na kazi kweli inalazimu. Mkiacha kila mtu aombe anapotaka, wote wataomba Desemba, na wapole ndio watakaokosa. Sambazeni ratiba tupu mwezi mmoja kabla ya mwaka kuanza, kila mtu aweke chaguo mbili, na waliokosa Desemba mwaka jana watangulie. Anayeondoka aandike ukurasa mmoja wa makabidhiano: kazi zilizo wazi, nani anazishika, funguo ziko wapi. Bila ukurasa huo atapigiwa simu kila siku, na sheria hairuhusu mtu kufanyishwa kazi akiwa likizo. Mshahara wa likizo alipwe kabla hajaondoka. Nauli ya kijijini hailipwi kwa ahadi.

Ugonjwa una siku 126 ndani ya miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Karatasi ya ED, ile ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa kazini, ikifika, mnachohitaji ni idadi ya siku na muhuri wa daktari. Jina la ugonjwa likae kwenye droo yenye kufuli, na lisionekane kamwe kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, hata kwa nia ya kumwombea.

Mama anayenyonyesha ana hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mtengeeni chumba chenye kitasa kinachofunga. Choo si chumba.

Tarehe ya mshahara nayo ni suala la afya. Aliyekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, anahesabu riba kwa siku, na nyinyi mkichelewa siku 5 deni lake halisubiri idhini ya mkurugenzi wa fedha. Kama fedha hazipo, semeni mapema na mtaje tarehe mpya. Ukimya unawapeleka watu kwa mkopeshaji mwingine.

Kuhusu nidhamu nina ombi moja. Msimkabidhi mtu barua ya tuhuma Ijumaa jioni ili ajitetee Jumatatu asubuhi. Kanuni za mwaka 2007 zinataka apewe si chini ya saa 48 za kujiandaa. Mpeni za siku za kazi, aweze kumpata mwakilishi wake na kuona nyaraka. Aliyemtuhumu asiwe mwenyekiti wa kikao. Mambo haya mawili mkiyakosea, hata mwizi wa kweli atawashinda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, na waliobaki kazini watajifunza kuogopa bahasha.

Jumatatu mpelekeeni mkurugenzi jedwali lenye safu tatu kwa kila idara: saa za ziada za kila mtu kwa wiki 4 zilizopita, siku za likizo zilizolala, na siku ambazo mshahara ulichelewa mwaka huu. Wekeni rangi nyekundu saa za ziada zilipozidi 50. Liwe la ukurasa mmoja. Wa pili hatausoma.

Mzee wenu